Picha ya kifua imeonyesha alama 78: je, nina TB?

Tangu tufunge programu ya akili mnemba kwenye mashine yetu ya eksirei hapa Geita, swali la dirishani ni lilelile. Mteja anaitazama karatasi, anaona namba, anauliza: "Daktari, hii 78 ndiyo TB yenyewe?" Mwingine kapata 9, tayari anaaga na kikohozi chake cha wiki tatu.

Wote wawili tunawarudisha kwenye benchi.

Programu za namna hii, kama CAD4TB ya Uholanzi au qXR ya India, zimefundishwa kwa picha nyingi mno za vifua vya wenye TB na wasio nayo. Picha yako ikiingia, ya kwetu huipekua kwa muda mfupi, hupaka rangi sehemu iliyoitilia shaka, kisha hutoa alama kati ya 0 na 100. Alama 78 haina maana kwamba una TB kwa asilimia 78. Ina maana picha yako imevuka kiwango tulichokiweka, kwa hiyo tunakuomba makohozi. Makohozi yakipimwa kwa GeneXpert ndipo tutajua kama vimelea vipo, na kama ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Shirika la Afya Duniani liliridhia mwaka 2021 kwamba programu hizi zinaweza kusoma picha badala ya binadamu wakati wa kuchuja wagonjwa wa miaka 15 na zaidi. Kuthibitisha ugonjwa ni kazi nyingine. Sisi bado picha zote tunampelekea daktari wa radiolojia, na ripoti unayoondoka nayo imesainiwa na yeye.

Kwa wateja wetu wa machimboni jambo hili lina uzito zaidi. Programu inaona picha, haikuoni wewe. Haijui kwamba uliugua TB miaka ya nyuma ukapona, wala kwamba umeshinda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ukivuta vumbi lake. Kovu la TB ya zamani linaweza kuipandisha alama ingawa huna ugonjwa leo. Vumbi la silika, lile litokalo kwenye mawe, nalo huacha madoa kwenye mapafu, ule ugonjwa wa silikosisi, na madoa hayo huichanganya programu. Ubaya ni kwamba mwenye silikosisi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata TB kuliko mtu mwingine, kwa hiyo hatuwezi kusema "huyu ni vumbi tu" tukamwacha aende. Ndiyo maana mpiga picha wetu anakuuliza maswali mengi kabla hujavua shati. Mjibu ukweli, hata kama dozi ya kwanza uliiachia njiani. Hatuna muda wa kumsema mtu.

Na kwa akina dada: rasta zikiangukia mabegani huweka kivuli juu kabisa ya mapafu, mahali hasa ambapo TB hupenda kukaa. Tunaomba mzifunge juu ya kichwa. Mkufu, hereni ndefu na hirizi pia vivuliwe. Vitakaa kwenye bahasha yenye jina lako.

Mwenye alama ndogo naye asikilize. Kama unakohoa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku au unapungua uzito, tutakuomba makohozi hata kama programu imetoa 9. Tena TB ya tezi au ya uti wa mgongo inaweza kuwepo huku picha ya kifua ikiwa safi kabisa.

Wapo wanaouliza picha zao zinakwenda wapi. Programu yetu inakaa kwenye kompyuta ya hapa kituoni, haihitaji intaneti. Picha inayokwenda kwa daktari hubeba namba ya faili badala ya jina.

Kuhusu malipo, unalipia picha kwa bei ileile ya zamani; kusomwa na programu hakuongezi kitu. Kipimo cha makohozi tunakuandikia rufaa kwenda hospitali ya serikali, ambako vipimo na dawa za TB havilipiwi. Njoo na picha zako za zamani kama unazo, hata zile za filamu zilizokunjika: daktari akizilinganisha na ya leo, kovu la zamani hulitambua haraka.