Treni imefika ufukweni

Bologna, Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Salaam aleikum. Najua, tangu Idi sijakuandikia, na ule ujumbe wako wa sauti wa dakika 11 nimeusikiliza mara mbili nikanyamaza. Nisamehe. Zamu za usiku zimenimaliza, na bibi ninayemuuguza siku hizi hataki supu wala hataki kunyimwa supu. Hayo baadaye.

Kilichonishikisha kalamu ni kitenzi. Cheka tu.

Juzi nilikuwa stesheni, baridi yanitafuna masikio, kipaza sauti kikatangaza kwamba treni ya Ancona iko "in arrivo", yaani inafika. Na wiki ile ile mwalimu wetu wa Kiitaliano wa jioni alitwambia arrivare, kufika, ni neno la mabaharia: Kilatini ad ni "kwenye", ripa ni ukingo wa maji, watu wakayaunga, ikawa kufika ufukweni. Hiyo ripa Waitaliano wanayo mpaka leo, wanaiita riva. Sasa Bologna haina bahari, Rukia! Ancona angalau ina bandari, lakini hapa treni inapwelea wapi? Nikacheka peke yangu, mama mmoja akahamisha mkoba wake upande wa pili.

Halafu nikakumbuka kwetu ligi ya mpira "inang'oa nanga". Nani kaiona nanga uwanjani?

Wahispania nao wana llegar, kufika, kutoka Kilatini plicare, kukunja. Husemwa ni tanga lililokunjwa. Waromania neno hilo hilo, pleca, kwao ni kuondoka! Eti wao walikunja mahema.

Lililonikaa rohoni ni partire ya Kiitaliano, kuondoka. Asili yake ni kugawa. Na letu, kuwasili, ni la Kiarabu, mzizi wake kuunga, ndimo ilimotoka kuwasiliana. Kwa hiyo mie niliyeondoka nikagawika, kisha hata simu sipigi... Ah, niache, nitalia bure jikoni kwa watu.

Nina ombi. Nimeahidi darasani kuleta maneno ya kwetu. Muulize babako: jahazi likikaribia bandari aliwaamuru nini mabaharia wake? Tanga hutuliwa kwanza au nanga? Lipo neno la kufika ambalo sisi watoto wa shule hatulijui? Andika anavyotamka, usimsahihishe. Goti lake je? Zuhura kajifungua? Na ile kazi ya Pangani umeikubali, au bado mnazungushana?

Wako,
Mwanaidi