Matibabu kwa wote yasisubiri utajiri

Mhariri,

Wanaopinga huduma ya afya inayogharamiwa na serikali husema nchi itajirike kwanza. Sikubali. Uingereza ilianzisha huduma yake Julai 1948, ikiwa bado hoi kwa vita, chakula chenyewe kikigawiwa kwa mgao. Thailand, ambayo haikuwa nchi tajiri, iliwafikia raia wake wote mwaka 2002.

Wana hoja moja nzito, nakiri: foleni. Wapo wanaosubiri upasuaji miezi mingi, na maumivu hayo ni ya kweli. Lakini dawa ya foleni ni kuongeza wauguzi na madaktari, si kumrudisha mgonjwa mlangoni kwa kukosa pesa. Mageuzi yaanzie kwenye zahanati, na kodi ilipie matibabu kabla mtu hajaugua.

Msomaji wako