Kabla hujaripoti shule

Oya mwanangu, mambo vipi, mama hajambo, mguu wa bibi umepoa? Huku tupo tu, umeme unakatika kila jioni ila tumezoea.

Najua umeninunia. Toka matokeo ya fomu foo yatoke Januari nimekukaushia, meseji zako nilisoma zote, ile simu ya usiku niliiona ikiita mpaka ikakata. Sasa Kipara kaniambia umepangiwa fomu faivu PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na unaripoti wiki ijayo, nikaona nisipoandika leo basi tena. Hongera sana. Nilitakiwa niseme siku ileile.

Yangu unayajua, C mbili, D tano, pointi 26, divisheni foo. Hesabu F, hiyo hata kwenye masomo saba bora yanayohesabiwa haimo. D moja tu ingekuwa C ningekuwa na 25, nipo three, na zile C tatu za kwendea fomu faivu nimetimiza. D moja mwanangu! Ndo nikawa na wimbo wangu mtaani, aah sisi hatukuwa na ticha wa Baiolojia. Na kweli hatukuwa naye toka ahamishwe. Ila wewe ulikaa dawati hilohilo ukapata B, mtu akifika hapo nilikuwa nabadilisha stori.

Mwezi uliopita bi mkubwa kaishiwa karatasi za kufungia karanga, nikampa kaunta buku langu la Baiolojia. Kachana, kachana, kasimama. "We, hili si bado jipya?" Nikalichukua niangalie. Kurasa tisa zimeandikwa, halafu kichwa cha habari GENETICS, kimepigiwa mistari miwili kwa rula, wino mwekundu, chini yake kikosi cha Simba na wa benchi wote. Baada ya hapo nyeupe mpaka jalada. Ticha aliondoka sawa, lakini kile kikosi hakupanga yeye. Nilicheka, halafu kicheko kikakata.

Kurisiti, kurudia mtihani, nilishajiandikisha kama PC, mtahiniwa wa kujitegemea, hela nilipata kwa kubeba viroba sokoni maana mzee aligoma kutoa hata mia. Toka siku ya lile daftari naamka saa kumi alfajiri, nasoma ndo tunakaanga karanga. Yaani najitahidi kuamka, wiki ya kwanza niliamka siku mbili, alamu nazima mwenyewe halafu namfokea mdogo wangu kwa nini hajaniamsha, unaona ugonjwa bado upo. Wiki hii siku tano. Ya jana sihesabu, nilisinzia kwenye grupu za damu nikaamka na wino shavuni.

Sasa madaftari yako ya Baiolojia usimgawie mtu. Ila na mimi usinipe yote! Ukinipa yote nitayapiga picha yakae kwenye simu nijione nimesoma. Mwachie mdogo wako, anipe moja, nikirudisha na maswali ya pasti pepa niliyojibu kwa mkono wangu ndo anipe lingine. Nikija na maneno matupu afunge mlango. Lile lenye GENETICS lianze, mtihani wa Novemba si mbali.

Unaondoka Jumatatu au Jumanne? Godoro umepata? Huko simu wanaruhusu au ndo mpaka likizo? Kompasi yangu bado unayo, au ndo imekuwa yako? Na nikikupigia leo saa mbili usiku utapokea, au na wewe utaiangalia inavyoita mpaka ikate?