Wajawazito tunaotumia dawa za maradhi ya usingizi tusajiliwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wanawake wenye narkolepsia, maradhi ya ubongo yanayomfanya mtu apitiwe na usingizi mchana hata kama usiku alilala vizuri. Hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 2,000 anayo, na mara nyingi huanza ujanani, umri uleule ambao wengi wetu tunaanza kuzaa. Tunaishi kwa vidonge. Tukitaka mtoto, kila tunayemuuliza kuhusu vidonge hivyo ana jibu lake.

Mimi sasa ni mjamzito. Kwa miaka mingi nilikuwa natumia modafinili ili niweze kukaa macho kazini. Mimi na mume wangu tulipoamua kutafuta mtoto, niliikunjua ile karatasi nyembamba iliyomo ndani ya boksi. Imeandikwa kwamba dawa hiyo inashukiwa kusababisha kasoro za kuzaliwa. Daktari wangu akaniambia niache, nami nikaacha. Lakini nilitaka kujua shaka hiyo imetoka wapi, nikaanza kusoma.

Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Hofu kubwa ilikuja miaka 20 baadaye, pale daftari la huko la kufuatilia wajawazito walioitumia lilipoonyesha kasoro kubwa kwa watoto karibu 15 katika kila 100, wakati kwa kawaida ni kama 3. Mwaka 2020 watafiti wa Denmark wakatoa takwimu za nchi yao: wanawake 49 walioitumia mwanzoni mwa mimba, watoto 6 wenye kasoro, yaani asilimia 12, dhidi ya asilimia 3.9 kwa mama wengine. Mwaka huohuo utafiti wa Norway na Sweden haukuona tofauti ya wazi.

Tazama hiyo 49. Ni nchi nzima, tena yenye kumbukumbu nzuri za afya. Wangepungua watoto wawili tu, asilimia 12 ingeshuka hadi 8. Siilaumu tahadhari iliyotolewa, ni ya haki na mimi mwenyewe nimeifuata. Ninachosema ni kwamba kwa idadi ndogo namna hii, tutaendelea kuambiwa hivi leo na vile kesho.

Nina rafiki mwenye maradhi kama yangu ambaye alijikuta na mimba akiwa bado anameza modafinili. Alikuwa anategemea vidonge vya uzazi wa mpango, na hakuna aliyemweleza kwamba modafinili hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, hata kwa mwezi mmoja au miwili baada ya kuiacha. Alijifungua mtoto mzima kabisa. Tukafurahi, tukamshukuru Mungu. Lakini mtoto yule hayumo katika hesabu yoyote, kwa sababu hakuna aliyemsajili mama yake. Angezaliwa na tatizo, pengine daktari angeripoti. Ndiyo maana daftari la kweli humwandika mama mapema, kabla haijajulikana mtoto atakuwaje. Tukingoja hadi kujifungua, wenye matatizo watajitokeza na wenye watoto wazima watakaa kimya, na hesabu itapinda.

Wako wanaosema wajawazito waachwe nje ya utafiti, na hutaja thalidomaidi. Naielewa hofu yao. Dawa ile ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa salama ya usingizi, wajawazito wakaitumia pia kwa kichefuchefu, na watoto zaidi ya 10,000 duniani wakazaliwa na viungo vilivyoathirika. Huko Ujerumani Magharibi iliondolewa sokoni mwishoni mwa 1961. Lakini kilichoifichua ni nini? Dk. Widukind Lenz kule Hamburg aliwauliza akina mama, mmoja baada ya mwingine, walimeza nini wakiwa na mimba. Majibu yao ndiyo yaliyookoa watoto wengine. Mwaka 1977 Marekani ikaelekeza wanawake wenye uwezo wa kuzaa wasiingizwe katika majaribio ya awali ya dawa, na mwongozo huo ulidumu hadi 1993. Mimi naona somo lilichukuliwa kinyume.

Na kuacha dawa nako kuna gharama zake. Maradhi haya yana na jambo jingine: nikicheka sana magoti hulegea, nashuka chini nikiwa na fahamu zangu zote, na sasa tumbo liko mbele. Siendeshi gari. Mume wangu tayari ametandika godoro sakafuni, ndipo nitakapokuwa nanyonyesha, nisije nikasinzia kitini mtoto akaponyoka. Mwanamke mwingine, mwenye kazi isiyomruhusu kusinzia au asiye na mtu wa kumsaidia, anaweza kupima mambo na daktari wake akaona heri aendelee na dawa. Huyo naye anastahili takwimu za kupimia.

Kwa hiyo naziomba mamlaka za dawa zimlazimishe kila mtengenezaji wa dawa ya maradhi ya usingizi, ziwe za kukesha au za kulala, kufungua daftari la wajawazito tangu siku dawa inapoingia sokoni, na matokeo yatangazwe hata yakiwa mazuri. Sisi tulioacha tuandikwe pia, maana bila sisi hakuna atakayejua kama kasoro imeletwa na dawa au na maradhi yenyewe. Wenzangu, msiache wala kuendelea na dawa kwa uamuzi wenu peke yenu. Baadhi ya dawa za maradhi ya usingizi zikikatwa ghafla huleta madhara yake.

Nilipokwenda kliniki mara ya kwanza, muuguzi aliandika jina la dawa yangu pembeni mwa kadi kwa herufi ndogo, kwa kuwa haikuwa na nafasi yake. Kadi zijazo ziwekewe mstari wa dawa, zenye tarehe ya kuanza na ya kuacha.

Mama mtarajiwa