Anamjua waziri wa nishati, jina la mama yake halijui

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lenu, najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii msiikate sana jamani, maana nina miaka 11 nafundisha chekechea hapa Morogoro na hili jambo limenikaa kooni.

Sasa hivi ndo msimu wa mahafali. Watoto wanavalishwa majoho, turubai limefungwa, mziki mkubwa, MC kachangamka, afu inafika ile sehemu wazazi wote wanaisubiri, mtoto wa miaka mitano anapewa maiki anaulizwa makao makuu ya Ghana, Accra, ya Zambia, Lusaka, waziri wa nishati nani, anajibu bila kukwama, vigelegele, mama mtu anatoka na elfu tano anaenda kumtuza. Na mimi nilikuwa napiga makofi, siwezi kujifanya.

Mpaka mwaka juzi nilipokuwa stendi ya Msamvu nasubiri basi la Ifakara. Nikakuta kamduara ka watu, katikati katoto ka kiume kamevaa yunifomu nzuri na tai kabisa, kanalia. Kamepotezana na mama yake. Basi muuza maji akamuinamia, unaitwa nani baba? Brayan (jina nimembadilishia). Brayan nani? Brayan. Mama anaitwa nani? Mama Brayan. Baba? Dadi. Unakaa wapi? Nyumbani. Nyumbani karibu na nini? Karibu na geti. Bodaboda mmoja akacheka, mi kicheko hakikunijia. Jamaa mwingine akamwambia kwa hasira kidogo, sasa huko shuleni mnafundishwa nini, na yule mtoto kamasi zinamtoka akadhani anaulizwa maswali ya darasani, akasimama wima mikono nyuma akaanza kwa Kiingereza, Nairobi, Kampala, Kigali... hakukosea hata mmoja. Mama yake alipatikana baada ya kama saa nzima, alikuwa anamtafuta upande wa kukatia tiketi amechanganyikiwa hata kiatu kimoja hana.

Tangu siku ile sijafundisha miji mikuu tena. Mzazi akitaka amfundishe nyumbani.

Sasa wapo watakaosema mwalimu, maarifa ya jamii si somo la wakubwa, sisi tulianza kulisoma darasa la tatu. Sawa, kitabu chenyewe mlikianza darasa la tatu, ila mambo yenyewe yanaanza siku mtoto anayojua kwamba kuna watu wengine duniani wanaotaka ile bembea anayotaka yeye. Na wala sijalitunga mimi, mtaala wa elimu ya awali wa 2016 umahiri wa kwanza kabisa mle ndani uliitwa Kuhusiana. Mtoto ajitambue, aijue familia yake, ajue kuishi na wenzake. Miji mikuu ya Afrika imetoka wapi mi sijui, nadhani imetoka kwenye mahafali.

Kuhusiana yenyewe ngoja niwaeleze inavyokuwa, maana ukisikia jina unaona kama kitu kidogo. Mwanzo wa mwaka nawaambia wachore watu wa kwao. Basi hapo utaona mambo. Skuizi watoto kila mtu mzima ni anko na anti, kaka wa mama ni anko, mdogo wake baba anko, konda wa daladala naye anko. Kiswahili chetu kimetupa mjomba, baba mdogo, baba mkubwa, shangazi, mama mdogo, na kila mmoja hapo ana kazi yake kwa yule mtoto, sisi tumewachanganya wote kwenye gunia moja. Na hapa Moro mjomba si mtu wa mchezo, kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ana sauti. Kuna katoto kalichora mjomba wake mkubwa katikati ya karatasi, baba yake pembeni kadogo, jirani yake Mchaga akamwambia umekosea baba ndo anakaa katikati. Wakabishana kweli kweli. Mi nikawaacha kwanza, afu nikawaambia wote mko sahihi, kwa kina huyu wanapanga hivi na kwa kina huyu wanapanga vile, kila mmoja akamuulize bibi yake. Kesho yake walikuja na majibu hayo, mmoja bibi alimhadithia mpaka akalala. Hilo somo hata ningeandaa zana wiki nzima lisingetoka vizuri hivyo.

Afu kuna ramani. Mhariri usicheke, nafundisha ramani watoto wa miaka mitano, tena bila karatasi. Tunatoka nje kwenye mchanga, kila mtu ana kijiti, chora njia ya kutoka kwenu mpaka hapa. Mtu anachora mlango wa kwao, duka la Mangi, kwa fundi cherehani, mtaro, shule. Wanajua! Ila ukubwa wa vitu ni wa kwao wenyewe, kuna mmoja alichora mbwa wa mama Zai akawa mkubwa kuliko shule, kwa sababu yule mbwa ndo kitu kikubwa kuliko vyote asubuhi yake. Nikimaliza hapo najua mtoto gani akipotea anaweza kusema nakaa nyuma ya mashine ya kusaga, na yupi hawezi, na huyo asiyeweza ndo nakaa naye.

Tumewahi kwenda pia soko kuu, lile jipya la Chifu Kingalu. Njiani mmoja kaniuliza mwalimu huyo Kingalu anauza nini. Nikamwambia hauzi kitu, alikuwa chifu wa Waluguru, akanyamaza kidogo akasema, kwa hiyo soko lake lakini hauzi. Basi historia yao imeanzia hapo, kwamba kuna watu walikuwepo kabla yetu na majina yao bado tunayaita tukienda kununua nyanya. Mle ndani kazi yao ilikuwa moja tu, umuulize mtu mmoja hiki kimetoka wapi. Mama wa ndizi akasema milimani, Mgeta, na ukitoka nje ya soko unaiona milima ya Uluguru ile pale, mchuuzi wa dagaa akasema Mwanza, katoto kakauliza Mwanza ni mbali kuliko Msamvu? Kuna mzazi mmoja alikuja juu siku ile, mtoto karudi na vumbi, kwani nimemtuma sokoni? Nilimuomba radhi kwa vumbi tu.

Kwa mwenyekiti wa mtaa tulienda pia. Walidhani analala pale ofisini. Mmoja akamwambia mbele yetu taa ya kwetu haiwaki njiani, mwenyekiti akacheka akaandika kwenye daftari lake, sijui kama ilikuja kuwaka lakini mtoto ameona kuna mtu wa kuambiwa na huyo mtu anaandika. Waziri wa nishati akimjua baadaye si mbaya, ataanzia kwenye ile taa.

Na bendera. Hii nayo tunaimba kila asubuhi mstarini, kijani uoto, njano madini, bluu maji, nyeusi watu. Nilikuwa nimeimbisha hivyo miaka na miaka kama kasuku. Siku moja mtoto kanyoosha mkono, mwalimu nyeusi ni sisi? Nikasema ndiyo. Akamgeukia mwenzake mwenye ualbino waliyekaa dawati moja, akamuangalia, akaniangalia, na huyu? Darasa zima kimya, na yule mtoto mwenyewe ananiangalia anasubiri. Nikasema nyeusi ni watu wote wa Tanzania, hata huyu, hata mimi, hata yule Mhindi wa duka la vifaa. Yule mwenye ualbino akasema, mi ni nyeusi, akacheka, wakacheka wote, wakaendelea na uji. Mimi nikatoka nje kidogo. Nchi yetu watu wenye ualbino wameuawa, sote tunajua, na waliowaua walikuwa na miaka mitano siku moja nao.

Sasa mtaniambia hayo yote yanataka muda na nafasi, kweli kabisa. Kiwango cha serikali darasa la awali ni mwalimu mmoja watoto 25. Mi nina 68. Kuwapeleka sokoni nilikodi macho ya wazazi wanne na kamba ndefu kila mtoto ashike fundo lake. Kona ya nyumbani na kona ya duka nimetengeneza kwa maboksi na vifuniko vya soda, na vifuniko vinaibiwa. Kwa hiyo simlaumu sana mwalimu anayekaririsha, kukariri ni rahisi, unawasimamisha 68 wanaimba kwa pamoja na mzazi akipita dirishani anasikia somo linaendelea. Foleni ya bombani haisikiki dirishani. Wiki tatu nimefundisha kupanga foleni ya bombani tu, bila kusukumana, na wa nyuma akiwa na kiu sana wenzake wampishe. Hilo la kumpisha walilianzisha wenyewe.

Ninachoomba wazazi ni kidogo. Mtoto aende shule anajua jina la mama yake la kwenye kitambulisho, na mnakaa mtaa gani. Namba ya simu wimbo mmoja tu anaishika, ijaribuni hata ya shangazi. Na nyie gazetini mwezi wa kumi na moja mkija na kamera kwenye mahafali yetu, safari hii hakuna maswali ya miji mikuu, watoto watachora njia ya kwao pale pale mbele ya wageni. Yule mbwa wa mama Zai msimshangae, nasikia mwaka huu kazaa.

Mwalimu wa awali,
Morogoro