Wahabeshi mmewapiga picha, mwenye lori yuko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Wiki iliyopita mlitoa picha ya vijana wa Kihabeshi, yaani Waethiopia, waliokamatwa huku kwetu Kilimanjaro, wamekalishwa chini, mikono kichwani. Chini ya picha palikuwa na idadi yao na maneno "wahamiaji haramu". Basi.

Siku nne kabla ya picha hiyo, mmoja nilimkuta shambani kwangu Himo, alfajiri, nikienda kukata majani ya ng'ombe. Alikuwa amejikunyata kwenye migomba. Umri wake ni kama wa mjukuu wangu aliye kidato cha tatu. Miguuni ndala mbili zisizofanana, shingoni uzi mweusi, ule wanaovaa Waorthodoksi wa kwao. Akanyooshea bomba kidole: "Wuha, wuha." Mama watoto akampa maji, halafu kiburu kilicholala, ndizi zetu zilizopikwa na maharage. Alipomaliza aliliosha bakuli mwenyewe, akalipindua juu ya jiwe lichuje maji, akainamisha kichwa, akashika njia ya korongoni. (Niseme mapema: nilimlisha, sikumlaza. Sheria naijua.)

Nimeendesha lori miaka 27, Moshi hadi Tunduma, kwa hiyo biashara hii naifahamu. Kuna mtu aliwahi kuniwekea mezani, kwenye gesti moja, hela ya mishahara yangu mitano nipakie "mzigo unaopumua". Nilikataa, wala si kwa wema. Niliogopa. Ilikuwa baada ya Juni 2012, maiti zaidi ya 40 za Wahabeshi zilipokutwa zimetupwa porini Dodoma, watu waliokosa hewa ndani ya lori. Mwaka 2020 kule Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa wakakutwa 64 wamekufa.

Najua wengi wanaopita huku hutoka kusini mwa Ethiopia, Hadiya na Kembata, na wanaifuata kazi Afrika Kusini. Sitaki kusingizia vita kila kitu. Lakini kijana mwenye uzi mweusi angeweza kabisa kuwa wa kaskazini, waliko Waorthodoksi wengi, na kaskazini hakujatulia. Vita ya serikali yao na jimbo la Tigray ilianza Novemba 2020, wakasaini amani Pretoria Novemba 2022, na haukupita mwaka jimbo jirani la Amhara nako kukalipuka. Watigray waliokuwa wamekimbilia Sudan wakakutwa kambini na vita ya Wasudani wenyewe, Aprili 2023. Waende wapi? Jimbo la Oromia nalo lina yake. Serikali yao na waasi wa Kioromo walikuja kuzungumzia hapa hapa kwetu, Zanzibar Aprili 2023, kisha Dar es Salaam Novemba, wakaondoka bila kuelewana. Wakubwa wao tuliwapa ukumbi na viti. Vijana wao tunawakalisha chini.

Sisemi polisi wasikamate. Ombi langu ni kwenu waandishi: mkitaja idadi, tajeni na lori lilikuwa la nani, lilipakia wapi, limepita vizuizi vingapi na dereva wake yuko wapi. Mtoto asiyejua hata neno "maji" hakufika Himo peke yake. Kuna aliyempokea mpakani, kuna aliyemficha, kuna aliyelipwa njiani, na hao sijawaona kwenye picha hata siku moja. Tena tafuteni mkalimani, muwaulize wanatoka jimbo gani na kimewatoa nini. Haichukui nusu saa.

Picha ile niliivalia miwani nikimtafuta mwenye uzi mweusi. Wote wameinama, shingo hazionekani.

Dereva mstaafu,
Himo, Moshi