Viazi vyako vilivyogeuka uji

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu, pale uliposema kwamba viazi vitamu ulivyoviponda vilimiminika sahanini kama uji wa mgonjwa, na wifi yako akauliza aletewe kijiko au bilauri. Usivunjike moyo, kwani kosa si la mkono wako, ni la maji.

Kiazi kitamu hakifai kutokoswa kama muhogo. Ukikimenya, ukakikatakata na kukitosa katika maji tele, kitayanywa maji hayo, na utakapokuja na tui lako hakitakuwa na nafasi ya kulipokea. Mimi huviosha vizima na maganda yake, nikatandika vipande vya shina la jani la mgomba chini ya sufuria, nikatia maji ya kina cha vidole viwili tu, nikavipanga juu yake ili vipikwe kwa mvuke, na moto wa seredani nikauacha uwe mdogo. Moto huo usiuharakishe, maana kiazi kinachopata joto taratibu huwa na muda wa kuugeuza wanga wake kuwa sukari. Ncha ya kisu ikizama bila kusukumwa, viko tayari. Na kama ulinunua vile vya rangi ya chungwa, vinavyoitwa viazi lishe, basi ujue kwamba huwa na majimaji kuliko vyeupe vya ganda jekundu, kwa hiyo tui lake lazima lipungue.

Sasa viungo, ambavyo ndivyo ulivyoniulizia hasa. Kwa kilo moja ya viazi mimi hutwanga pamoja iliki tatu, mdalasini wa nusu ya kidole cha shahada, punje sita za pilipili manga, na karafuu moja. Moja, shoga yangu, tena uikate kichwa chake ukiweza. Najua utasema kwamba mtu wa Pemba hawezi kuwa bahili wa karafuu, lakini mimi nimekwisha kuadhirika. Mwaka nilioolewa, karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini mpaka mlangoni, nami nikachota zisizopungua kumi nikazitia kinuni. Mama mkwe akala tonge moja, akanyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwa upole kwamba ulimi wake umekufa ganzi, ila lile jino lililokuwa likimsumbua tangu juzi limepoa.

Tui litakalofaa ni kasimile peke yake, yaani lile zito la mkamuo wa kwanza, nusu kikombe, lisilochanganywa na maji ya mkamuo wa pili. Litie chumvi, tangawizi kidogo iliyopondwa na hivyo viungo ulivyovitwanga, uliweke motoni na kulikoroga bila kuliacha ili lisikatike, na likianza tu kufurukuta liepue. Viazi vimenye vikiwa bado vya moto, hata kama itakubidi uvishike kwa kitambaa, kwa sababu kikipoa huwa kigumu kupondeka na hubaki na mabonge. Ponda kwa mchi au kwa mwiko mzito, uzitoe zile nyuzi zinazojizungusha kwenye mwiko, na tui ulitie kidogo kidogo. Utakapouburuta mwiko na njia yake ikabaki wazi chini ya sufuria bila kujifunga, acha hapo hapo, hata kama tui limebaki. Kungumanga ikwaruze juu mwishoni kabisa, maana harufu yake haistahimili moto. Sukari usitie. Wako wanaotia, nami huwaona kama watu wasiokiamini kiazi chao.

Kwa kuwa chakula hiki ni cha kuwekwa kando na si cha kushibia, kipakue kidogo pembeni ya samaki changu wa kukaanga aliyekolea ndimu na pilipili, ule ukali upate kukutana na utamu. Kukila na mchuzi wa nazi naona ni kurudia nazi juu ya nazi.

Jaribu tena Ijumaa, kisha uniandikie. Wifi yako mpe salamu zangu, na umwambie bilauri airejeshe kabatini.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi shoga yako.